Cheche Chini ya Boneti: Fundi wa Umeme wa Magari katika Historia Yetu

Likitajwa neno utamaduni, wengi wetu hukumbuka kwanza ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya mababu. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Namna watu wanavyofanya kazi, zana wanazozishika, majina wanayozipa zana hizo, na njia ambayo ujuzi hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana, hayo yote ni sehemu ya utamaduni wa taifa. Wahunzi wa Ufipa na matanuru yao marefu wamekwisha kuandikiwa habari zao. Waundaji wa majahazi wa pwani nao vivyo hivyo. Fundi wa umeme wa magari, aketiye chini ya mwembe na bisibisi mkononi, ameandikiwa machache mno. Katika insha hii twakusudia kueleza habari za kazi yake, hususan ile ya kuutunza moto wa magari ya zamani, yaani magari yaliyotengenezwa kabla ya vifaa vya elektroniki kuingia chini ya boneti.

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Injini ya petroli hudai mambo matatu ili ifanye kazi: mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, mkandamizo ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati wake. Mawili ya kwanza ni kazi ya chuma. La tatu ni kazi ya umeme, nalo liliwasumbua sana wavumbuzi wa mwanzo. Étienne Lenoir, aliyeunda injini ya gesi mjini Paris mwaka 1860, alitumia umeme wa betri uliokuzwa kwa koili. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipendelea kuuepuka umeme. Yeye alichomeka kijibomba ndani ya silinda, na nje ya kijibomba hicho akaweka taa ya kukipasha moto hadi kikawa chekundu. Karl Benz, ambaye gari lake lilipata hataza tarehe 29 Januari 1886, alishika njia ya betri na koili, naye alilihesabu suala la kuwasha injini kuwa gumu kupita yote aliyokutana nayo.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pasipo mumewe kujua akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya karibu kilomita 100. Njiani bomba la petroli liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme wa kuwashia ukachubuka na kugusa chuma, akauzungushia utepe wa kufungia soksi. Twalitaja tukio hili kwa makusudi. Mtu wa kwanza kulisafirisha gari mwendo mrefu alikuwa pia mtu wa kwanza kulitengeneza barabarani kwa kitu alichokuwa nacho mwilini, na mtengenezaji huyo alikuwa mwanamke. Wale wanaodhani kwamba kubahatisha kwa waya na kitambaa ni tabia ya mafundi wa Kiafrika peke yao yawapasa waanze kuhesabu tangu siku ile.

Baada ya hapo zilitokea njia mbili zilizoshindana kwa muda. Ya kwanza ilikuwa ya magneto, mashine ndogo yenye sumaku inayojizalia umeme wake pasipo betri. Karakana ya Robert Bosch ilifunga magneto katika chombo cha barabarani mwaka 1897, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akatengeneza magneto ya nguvu kubwa pamoja na plagi yake. Ford Model T, gari lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, lilikuwa na sumaku zilizopangwa katika gurudumu la injini na koili nne zilizokaa ndani ya sanduku la mbao, zikivuma kama nyuki kila gari lilipowaka. Njia ya pili ilikuwa ya betri. Charles Kettering wa Marekani aliibuni upya, ikafungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Kisha katika Cadillac za mwaka 1912 akaongeza stata ya umeme.

Stata hiyo ilibadili mambo mengi. Kabla yake injini iliwashwa kwa hendeli iliyochomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu za mkono. Cheche ikiwahi kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi nyuma kwa kishindo na hendeli humpiga mzungushaji. Mikono mingi ilivunjika kwa namna hiyo. Ndiyo maana mafundi wa zamani walimfundisha kijana, kabla ya jambo lingine lolote, kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kisikizunguke chuma, ili hendeli ikirudi ijichomoe mkononi. Walimfundisha pia kuirudisha nyuma cheche kwa kijiti kilicho karibu na usukani. Magari yakishapata stata, hayana budi kuwa na betri kubwa, na betri kubwa haina budi kuwa na dinamo ya kuijaza. Kwa kuwa umeme ulikuwa tayari upo ndani ya gari, watengenezaji hawakuona tena sababu ya kulipia magneto. Kuanzia miaka ya 1920 na kuendelea, njia ya Kettering ilitawala, na ndiyo iliyofika kwetu katika Bedford, Austin, Land Rover, Peugeot na Volkswagen.

Gari lenyewe lilitangulia kufika. Tarehe 10 Agosti 1907, mwaka ule ule ambao vita vya Maji Maji vilikuwa vikimalizika kwa njaa na makaburi, afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kuvuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Ilimchukua siku 630. Vitabu vingi humsifu yeye na gari lake. Sisi twapenda kuuliza habari za wale wasiotajwa: waliobeba petroli kichwani ili gari likute mafuta yake njiani, waliokata miti, waliolisukuma na kulivuta kwa kamba katika mito na michanga. Gari la kwanza kuvuka Afrika lilivuka kwa mabega ya watu kadiri lilivyovuka kwa cheche zake.

Katika Vita Kuu ya Kwanza hali ilikuwa hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Majeshi ya Kiingereza yalileta magari mengi Afrika Mashariki, mvua na matope yakayashinda, na mamia ya maelfu ya wapagazi wakashurutishwa kubeba mizigo. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ikatupa jina la Kariakoo. Leo mtu akitafuta plagi, koili au waya wa gari jijini humo, ataelekezwa aende Kariakoo na Gerezani iliyo jirani. Historia wakati mwingine hupenda utani.

Baada ya vita malori yaliongezeka, na pamoja nayo akatokea tandiboi. Jina hili, kama wengi wanavyolieleza, limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kijana wa kuzungusha, yaani kuzungusha hendeli. Kazi yake ilikuwa kuwasha, kupakia, kuweka kigingi nyuma ya tairi mlimani, kulala juu ya mzigo na kuamka kabla ya dereva. Hakuna aliyemwita mwanafunzi. Katika gereji za miji ya kikoloni Mwafrika alikuwa kwa kawaida msaidizi wa kuosha vyuma na kushika taa, na cheo cha fundi mwenye cheti kilikuwa cha wengine. Lakini ashikaye taa huona kinachofanyika. Wazee wengi waliojulikana baadaye kwa ufundi wao walianza kwa kushika taa, nao walijifunza kwa macho mambo ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuwafundisha.

Sasa tuingie katika mambo waliyoyaona, maana mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kuyafuata bila taabu.

Betri ya gari la zamani ilikuwa ya volti 6 au 12. Cheche inayoruka katika mwanya wa plagi, ndani ya hewa iliyokandamizwa, huhitaji maelfu mengi ya volti. Kazi ya kuzikuza volti hizo ni ya koili, ambayo ndani yake mna nyaya mbili zilizosokotwa juu ya chuma kimoja: mmoja mnene wa mizunguko michache, mwingine mwembamba wa mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri ukipita katika ule mnene, chuma huwa sumaku. Hapo hapana cheche bado. Cheche huzaliwa pale umeme unapokatwa ghafla na sumaku kuanguka mara moja, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo, na kadiri inavyobadilika upesi ndivyo umeme unavyozidi nguvu. Mwanafunzi akilishika hili moja, mengine yote yatamfungukia: katika gari la zamani waya zinapoachana ndipo moto unapotokea.

Kazi ya kukata umeme hufanywa na pointi. Hivi ni vipande viwili vidogo vya chuma kigumu vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, vikisukumwa na mhimili wenye pembe unaozunguka nusu ya mwendo wa injini. Tuchukue injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila silinda hudai cheche moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo zatakiwa cheche 6,000 kwa dakika, au 100 kwa sekunde moja. Pointi hizo ndogo, zisizozidi upana wa punje ya mtama, hufunguka na kufunga mara 100 kabla hujamaliza kutamka neno “sekunde”. Kisha rota, iliyo juu ya mhimili huo huo, hupokea umeme mkubwa kutoka kwenye koili na kuugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Katika Land Rover za zamani za silinda nne zamu hiyo ni ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Fundi akizikosea nyaya mbili tu, injini hukohoa na kutema moto kupitia njia ya hewa.

Mwanya wa pointi katika magari mengi ya Kiingereza ulikuwa baina ya milimita 0.35 na 0.40. Watengenezaji walitoa kipimo chembamba cha chuma kwa ajili hiyo. Fundi asiyekuwa nacho alitumia kipande cha karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, na aliyezoea alipata kipimo kinachofaa kwa kuhisi tu jinsi karatasi inavyokwaruza. Hatusemi hayo ili tukisifu kukosa vifaa. Karatasi hulowa, hukunjika na hunenepa, na fundi mwenyewe angekuwa wa kwanza kupokea kipimo cha kweli kama angepewa. Twasema tu kwamba kuhisi kule kulikuwa elimu, na ilichukua miaka.

Kando ya pointi hukaa kondensa, kopo dogo la bati lisilo na kitu kinachosogea. Wanafunzi wengi hulidharau. Pasipo kondensa, umeme hukataa kukatika mara moja. Huruka katika mwanya wa pointi na kuzichoma, sumaku ya koili huanguka polepole, na cheche ya plagi huwa dhaifu. Pointi zilizo na kondensa mbovu hutambulikana: upande mmoja huota kichuguu na upande wa pili huchimbika shimo. Fundi mjinga hukisugua kichuguu kwa msasa na kumpa mteja gari lake, na baada ya wiki mteja hurudi. Fundi wa kweli hubadilisha kondensa kwanza.

Kuna kosa jingine lenye hila zaidi. Kipande cha pointi kinachosukumwa na mhimili kina kiatu kidogo, na kiatu hicho kisipopakwa grisi kidogo sana huliwa polepole. Kiatu kikilika, mwanya hupungua, na cheche huchelewa. Gari halikatai kuwaka. Hupoteza nguvu mlimani, hula petroli, injini hupata joto jingi, na dereva huanza kulaumu petroli, kabureta, hata mzigo. Ugonjwa unaokuja kidogo kidogo ndio unaompima fundi.

Tumewahi kumwona mzee mmoja akilipima gari ambalo madereva wawili walikuwa wamekwisha kulikatia tamaa. Hakufungua kitu. Aliuchomoa waya wa plagi moja, akaushika kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, akaamuru gari liwashwe. Cheche ilikuwa ya manjano na nyembamba. “Ya afya ni ya buluu, na huita,” alituambia. Kisha akaomba penseli. Akaiweka ncha yake ya risasi baina ya waya na plagi, akatutaka tuangalie mwali unachanulia upande gani. Ulichanua upande wa waya badala ya upande wa plagi, akacheka: mtu alikuwa amezigeuza nyaya mbili za koili. Cheche huruka kwa urahisi zaidi ikitoka kwenye ncha ya katikati ya plagi, ambayo ndiyo yenye joto, iwapo ncha hiyo ni hasi. Ikigeuzwa, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Mzee huyo hakutueleza habari za elektroni. Alijua kwamba penseli haisemi uongo.

Kugeuza nyaya lilikuwa kosa la mara kwa mara kwa sababu yenye historia yake. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yaliunganishwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na magari ya nchi nyingine nyingi ncha hasi. Kisha Waingereza nao wakageuza. Karakana moja ya Mombasa au Tabora ingeweza kupokea asubuhi gari la namna moja na mchana gari la namna ya pili. Dinamo husamehe kosa hilo ikitiwa umeme upya kwa muda mfupi kwa mwelekeo ufaao. Alternata, iliyoanza kuchukua nafasi ya dinamo katika miaka hiyo hiyo ya 1960, haisamehe. Vipande vyake vya kunyosha umeme huungua papo hapo. Mafundi waliliandika tahadhari hilo kwa rangi nyekundu ndani ya boneti, kwa Kiswahili, kwa manufaa ya fundi atakayefuata ambaye hawatamwona kamwe.

Nchi yetu nayo ina maradhi yake. Pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa, chumvi ya hewa huotesha ukoga wa kijani katika kila kiungo cha shaba, na taa za gari hufifia kila honi inapopigwa, kwa kuwa ethi imeliwa. Dawa yake ni msasa, spana na grisi, na kurudia kila baada ya muda. Bara, joto hukausha betri. Maji ya betri yakipungua huongezwa maji yaliyokenekwa, wala si asidi, kwa sababu kinachokwenda hewani ni maji na asidi hubaki. Palipokosekana maji hayo, watu walikinga ya mvua katika chombo cha kauri au kioo, mbali na paa la bati. Betri za nchi za joto hujazwa asidi hafifu kidogo kuliko za Ulaya, kwani joto lenyewe huongeza ukali. Naye achanganyaye hana budi kumimina asidi ndani ya maji. Akimimina maji ndani ya asidi huchemka na kumrukia usoni. Tena asisogeze kiberiti, maana betri inayojazwa hutoa haidrojeni.

Masika ni mtihani wa peke yake. Unyevu ukiingia katika kofia ya distributa, umeme mkubwa hutafuta njia ya mkato juu ya ule unyevu, na ukishapita mara kadhaa huacha mchirizi mweusi wa kaboni ambao hautoki kwa kufuta. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na kwa miaka mingi walioendesha walikuwa karibu wote walowezi na wageni, hilo lisifichwe. Lakini barabara zilikuwa zetu na matope yalikuwa yetu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari hilo hilo ambalo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nalo mwaka 1966 na 1967. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa amejifunza ufundi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva wa sifa. Haishangazi. Katika mbio zile gari lilivuka mto usiku, injini ikazimika, na mwenye kujua kukausha kofia ya distributa na kuzifunika nyaya kwa mpira aliondoka, akimwacha nyuma mwenye gari la kasi zaidi.

Wakati mgumu zaidi ulikuja baadaye. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Tanzania ilipigana vita na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vikawa haba pamoja nazo. Hapo ndipo fundi wa chini ya mwembe alipokuwa mtu wa lazima. Dinamo iliyoungua ilisukwa upya kwa mkono, waya wa shaba mzunguko kwa mzunguko. Rota iliyopasuka iliunganishwa kwa gundi. Kondensa ya lori ilifungwa katika teksi. Betri za siku hizo zilikuwa na sanduku la mpira mgumu lililozibwa kwa lami, hivyo fundi aliweza kuyeyusha lami, kutoa chumba kimoja kilichokufa, kuweka sahani za betri nyingine na kuziba tena. Mabasi yaliendelea kutembea na wagonjwa walifika hospitali kwa sababu ya kazi hizo.

Hata hivyo haifai tuzipambe kazi zote kwa maua. Risasi ya betri ni sumu. Vijana waliiyeyusha wakiwa mikono mitupu, moshi ukipita puani, na watoto wakicheza kando. Madhara yake hayakuisha na enzi zile: huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliodhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa haki ya fidia na mahakama mwaka 2020. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake ustadi wa kufufua betri na asiwafundishe habari za sumu hiyo atakuwa amewafundisha nusu ya somo, na nusu ile mbaya.

Tuseme sasa juu ya lugha, maana gereji ni darasa la Kiswahili pia. Neno gari lenyewe lilitoka India. Usukani ulitoka chomboni: nahodha alishika usukani karne nyingi kabla ya dereva. Cheche ni neno letu la kale la moto wa jikoni, na fundi ni jina la heshima tangu zamani. Betri, koili, plagi, stata na katauti ni mikopo ya Kiingereza iliyovishwa nguo za Kiswahili. Lubumbashi, ambako mafundi huazima kwa Kifaransa, plagi hubeba jina ambalo Wafaransa huwapa pia mishumaa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 na limetunga istilahi nyingi za sayansi. Lakini maneno ya gereji yalikuwa yamekwisha kutungwa na watu wenye grisi mikononi, ambao hawakuitwa katika kikao chochote. Kwa maoni yetu yafaa yaandikwe kama yalivyo, kabla ya wenyewe kuondoka.

Na wanaondoka. Watengenezaji wa Marekani walianza kuziondoa pointi mapema katika miaka ya 1970, wakaweka transista ikate umeme badala ya chuma. Chrysler ilifanya hivyo kwa magari yake yote ya Marekani ya mwaka 1973. Kwetu badiliko lilichelewa, hadi magari yaliyotumika ya Kijapani yalipojaa bandarini katika miaka ya 1990. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikichafua plagi kwa masizi ya kijivu, ilikomeshwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa mwaka 2005. Fundi kijana wa leo huchomeka kompyuta ndogo chini ya usukani na kusoma namba ya kosa. Ujuzi wake ni wa kweli, nasi hatuudharau. Ila hajapata kuona pointi, na mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka 2003, yakipita mjini kwake, hujikuta akitazama tu kama mtalii.

Mwaka jana tulifuatana na wanafunzi kumi na wawili hadi karakana ya mzee aliyetajwa juu. Alikuwa na Land Rover moja ya kufundishia, isiyo na milango. Aliwafungulia kofia ya distributa, akawapa kipimo chembamba cha chuma, kimoja kwa wote, wakipokezane. Msichana mmoja alikaza skrubu, mwanya ukafunga, akalegeza, ukapanuka mno, akarudia. Wenzake walianza kuchoka. Mzee hakumsaidia. Alipofika mara ya sita, kipimo kilipita kwa kukwaruza kidogo tu, naye akakipitisha tena taratibu, kisha mara ya tatu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

“Umelisikia?” mzee aliuliza.

“Nimelisikia, babu.”

“Haya. Funga kofia, uwashe.”

Liliwaka mara ya pili.